Nyimbo za Kupindia Suruali

Jumatatu, tarehe 6
Kuanzia leo mimi ni mtaalamu wa muziki wa kompyuta. Nimeteuliwa.

Haya, sikuteuliwa. Nilidakia. Mjukuu wangu, anayepiga muziki huo ukumbini, alikuwa analalamika kwamba mwenye ukumbi anataka kila wimbo uandikwe ni wa aina gani, autie kwenye tangazo lake, kabla ya Jumamosi, naye hana muda. Nikasema niachie mimi. Shemeji akasema hata yeye anaweza. Huyu ni ndugu wa marehemu mke wangu. Alikuja kutusalimia kwa wiki moja, mwaka wa nne huu, na hajainuka kwenye kochi.

Mjukuu akatutazama kama mitumba ya kuchagua. Spika zake mpya zinafika Jumamosi na sebule haitoshi. Ama cherehani yangu iondoke dirishani, ama kochi la shemeji. Kimoja kitakwenda stoo. Atakayepanga nyimbo vizuri, chake kitabaki.

Stoo haina dirisha. Nitatungaje uzi kwa macho haya? Hii ni kufa na kupona.

Jumanne, tarehe 7
Masomo. Mjukuu kanipigia wimbo, du du du du, akasema hii hausi. Akanipigia mwingine, du du du du, akasema hii tekno. Nikauliza tofauti. Akasema hausi ina uchangamfu, tekno ina ukali. Nikamwambia ule wa kwanza ndio ulioniumiza kichwa. Akakiri kwamba una ukali kidogo, wapo wanaouita tekno, ila watu wa tekno wakisikia hivyo watanuna. Halafu upo wa katikati, una jina lake. Na katikati ya huo na hausi upo mwingine, nao una jina lake.

Nikauliza nani anatoa majina haya. Akasema hakuna, Babu, watu wanagombana tu kwenye simu mpaka wachoke.

Kumbe nafasi ya hakimu iko wazi.

Jumatano, tarehe 8
Nimepata dawa. Mguu wangu umekanyaga cherehani maisha yote, una akili kuliko kichwa. Wimbo unapigwa, mimi nakanyaga kuufuata. Upindo ukinyooka, hausi. Kitambaa kikijiendea chenyewe nami nikisinzia, transi, aina nyingine aliyonitajia mjukuu. Uzi ukikatika, tekno. Kitambaa cha majaribio: suruali ya shemeji aliyoniletea niipunguze kidogo.

Mpaka jioni nimemaliza mlima mzima wa nyimbo. Suruali imefika magotini.

Shemeji naye ana njia yake. Analala. Wimbo ukimwamsha, tekno. Usipomwamsha, hausi. Zote ni hausi. Nimecheka mpaka nikajichoma sindano.

Alhamisi, tarehe 9
Balaa. Mjukuu kachomoa wimbo mmoja anipime. Jana niliuandika hausi. Leo uzi ukakatika. Nikasingizia uzi. Akaniletea uzi mpya, nikasinzia. Akauliza anayebadilika ni wimbo au ni Babu. Nikajikaza kisabuni, nikasema ni wimbo. Badala ya kunicheka akakuna kichwa. Akasema ni kweli, wimbo huohuo akiupiga ukumbi ukiwa mtupu unakuwa hausi, watu wakishalowa jasho unakuwa tekno.

Nimesema kweli kwa bahati mbaya. Nimejitia nilijua.

Kwa usalama nikamtegea shemeji simu sikioni, wimbo wa kelele kuliko zote, aamke aharibu hesabu zake. Akageukia upande wa pili. Hausi.

Ijumaa, tarehe 10
Mjukuu kaja na kinasa sauti, akaniomba nikanyage cherehani bila wimbo wowote. Nikakanyaga. Akafumba macho, akasema mdundo huu hajapata kuusikia popote. Kichwa kikanivimba, kofia haikuingia. Shemeji akasema hiyo ni kutu tu, nitie mafuta. Nimemsamehe. Kesho atakuwa stoo, masikini.

Jumamosi, tarehe 11
Cherehani yangu imepigwa ukumbini! Mjukuu anasema watu walisimama kucheza, wakaketi kubishana. Huyu hausi, yule tekno, mwingine akaapa kwa mama yake kwamba ni kitu cha katikati. Mwenye ukumbi akaliacha tangazo bila jina la aina yoyote, akakunja mikono. Mjukuu katangaza mshindi ni mimi.

Halafu akaeleza. Cherehani sasa ni ala ya muziki. Ala inarekodiwa penye kimya. Na nyumba nzima penye kimya ni mahali pamoja tu.

Wameibeba wachukuzi waliochukua mchana kutwa kuleta spika. Kochi limebaki. Shemeji hakuamka hata kupisha.

Jumapili, tarehe 12
Stoo. Naandika kwa tochi. Nimekaa na gunia la mkaa, nimewaza, nimeligundua kosa langu. Ni suruali. Muziki huu haupimwi kwa suruali, unapimwa kwa shati. Kola itatenga hausi na tekno mara moja, na ule wa katikati utajulikana kwenye tundu za vifungo. Ila kola haishonwi gizani.

Shemeji, najua unalisoma daftari hili, kurasa zimejaa makombo ya biskuti. Mjukuu bado amelala. Suruali yako niliipinda bure, tena mara nyingi kuliko ulivyoomba, na asante sijaiona. Basi inuka mara moja tu, uje ushike upande mmoja wa cherehani tuirudishe dirishani.

Na uje na shati lako jeupe.