Perege wa Pongwe na Mdomo Wangu

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamaa zangu, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa na wageni: mama wa binti ninayemposa, pamoja na mjomba wake, wametoka Muheza kuniletea jibu la posa. Mama yule ni Mbondei. Samaki wa baharini kwake si kitoweo. Anataka perege wa mtoni. Basi asubuhi nikaenda gulioni hapa Pongwe.

Mnajua maneno yaliyopo. Maji machafu ya kiwanda cha mkonge humwagwa mtoni, na samaki wa chini ya kiwanda huelea matumbo juu. Kwa hiyo perege wa Mama Kilua, muuza samaki wa hapo gulioni, niliwakagua hasa. Mashavu mekundu. Macho maangavu. Nikanusa, nikanusa tena. Safi! Samaki wa kumlisha mkwe.

Lakini mimi tena, nilipe bei niliyotajiwa? (Ulimi ungelala wapi?)

"Mama, hawa wananuka mkonge."

"Mwanangu, mie navua juu ya kiwanda. Maji machafu hayapandi mlima."

"Wananuka!" Nikapaza sauti kidogo. Kidogo tu. (Alisikia mpaka muuza ndizi wa mwisho.)

Wateja wawili wakarudisha samaki kapuni, wakafuta mikono. Mama Kilua akanitazama, akanipa wanane kwa nusu bei ili niondoke. Nikaondoka natembea kama liwali!

Adhuhuri sinia likatua mkekani. Perege wa tui zito, wali unafuka. Mkwe akamega tonge la kwanza, akalinyanyua...

"Hodi!"

Mama Kilua. Kapu kichwani, bado limejaa. Nyuma yake nusu ya gulio.

"Ndiye huyu! Kasema samaki wangu wana sumu, sasa hakuna anayenunua. Nimekuja kuona wale wake kawatupa wapi."

Akaliona sinia. Wote wakaliona sinia.

Tonge la mkwe likarudi chini polepole.

"Kijana," akauliza, "wana sumu, au hawana?"

Nikapiga hesabu, nikairudia. Nikisema wanayo, nimewalisha wakwe sumu. Nikisema hawana, nimemsingizia mama wa watu. Huku hasara, na huku hasara.

"Hawana, mama. Nilikuwa... nashusha bei tu."

"Kumbe mwongo," mjomba akapumua. "Afadhali. Nilidhani muuaji."

Mkwe akanawa mikono, akabeba sinia mwenyewe, mimi nyuma yake, mpaka gulioni. Nikaamriwa nisimame palepale nilipopayuka, nile mbele ya watu. Nimekula perege watano, na vichwa vyao! Kila nikimmaliza mmoja, natangaza: "Hawana sumu! Nilidanganya!"

"Sauti!" wauza ndizi wakapiga kelele. "Mbona asubuhi ulikuwa nayo?"

Kapu la Mama Kilua likaisha. Wawili wa mwisho kawanunua mkwe, kwa bei kamili. Kisha akapanda basi na mjomba.

"Mama, na ile posa?" nikauliza dirishani, tui mdomoni.

"Jibu kesho," akasema. "Ukiamka."

Basi msinicheke, ndugu zangu. Ila alfajiri mmoja wenu apite kunigongea mlango. Usingizi ukinipitia kesho, mke sina.