Bastola ya Precious na Bingwa wa JKT

Jumamosi, 5 Oktoba 2019. Euless, Texas

Kocha ametoa amri leo. Precious aachane na kibastola cha klabu ya shabaha. Binti yangu ana miaka kumi na sita, vidole vimerefuka, kile kitu kinapotelea mkononi mwake. Anahitaji bastola ya shabaha ya saizi kamili: mtutu mrefu, risasi ndogo, uzito wa kutuliza mkono, na zaidi ya yote isiyokwama. Tarehe ishirini na sita tunakwenda Houston kwenye mchujo. Klabu yetu ina nafasi moja tu katika timu ya vijana. Wanaoigombea ni wawili: Precious wangu, na Chepngetich, binti wa Humphrey.

Humphrey! Nesi, Mkenya, mtu wa Eldoret. Alishamnunulia bintiye bastola tangu Agosti. Akanijia na lile tabasamu lake la ushemasi, akasema niache kuji-stress, wasichana watumie hiyo hiyo moja kwa zamu. Nikamjibu kwamba bingwa wa shabaha wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, haombi bastola. Akasema sawa, boss.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada Watanzania wakaunda kamati. Kamati ya watu saba kunishauri mimi juu ya bastola! Hakuna kati yao aliyewahi kushika hata manati. Ikabidi niwasimulie tena jinsi nilivyoishinda kombania nzima kwa shabaha mwaka 1991. Patroba, aliyehamia juzi kutoka Ohio, akauliza ilikuwa kambi gani. Nikapaliwa na sambusa.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nilikuwa jikoni. Nilikoroga ugali kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Bunduki niliziona nilipowapelekea chai walinzi wa ghala la silaha. Lakini Precious aliisikia hadithi yangu akiwa na miaka kumi, na ndiyo iliyompeleka kwenye shabaha. Leo alisimama pale na sahani yake akinitazama. Ningefanyaje?

Alhamisi, 10 Oktoba

Dukani na Precious. Kocha alikuwa ameandika majina matatu kwenye karatasi na kusisitiza mtoto ashike mwenyewe, achague mkono wake. Precious akashika ya kwanza, akairudisha. Ya pili, akairudisha. Ya tatu akaielekeza ukutani, akafumba macho, akafumbua. Mkono haukutikisika. Akasema kwa Kiingereza kwamba ndiyo hii. Muuzaji akaongeza kuwa hiyo inakula risasi yoyote na haikwami.

Nikaitazama. Nyeusi, haina umbo, utadhani bomba la sinki. Tena ni ile ile ya Chepngetich! Watu wangesema tumemuiga Humphrey. Nikamwambia muuzaji tutafikiria. Precious akaikunja karatasi ya kocha, akaitia mfukoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeipata!

Nilikwenda peke yangu kwenye maonyesho ya silaha Fort Worth. Meza ya mwisho kabisa, mzee mwenye ndevu. Bastola ya Ulaya, ya zamani, mpini wa mti uliochongwa, herufi ambazo hata yeye hawezi kuzisoma. Akasema iliwahi kushinda ubingwa. Nikauliza ubingwa wa nini, akasema mwingi. Magazini, kile kikasha cha risasi, ni moja tu, nyingine hazitengenezwi tena. Adimu! Nikajaza fomu papo hapo.

Apolonia aliuliza jambo moja: inafanya kazi? Mke wangu ni nesi wa chumba cha dharura. Hakutaka kitu hiki ndani ya nyumba tangu mwanzo. Alisema waliopigwa risasi aliokwisha kuwasafisha wanamtosha, akaifungia kwenye sanduku la chuma na kutia ufunguo mfukoni. Precious aliishika kidogo. Akasema asante, Dad. Hakufumba macho.

Jumanne, 15 Oktoba

Inakwama. Kila risasi ya tatu, ya nne. Ganda la risasi linabaki limebanwa kwenye tundu la kutokea na Precious anabaki amesimama, bastola ikielekea shabaha, akisubiri kocha aje. Kocha akaikagua, akasema springi ya magazini imechoka, na bastola yenyewe inachagua risasi. Akashauri kwa upole niirudishe, nichukue ile nyeusi. Siku kumi na moja zinatosha mtoto kuizoea.

Humphrey akasogea tena. Akasema mambo ya kushea bado yapo. Mbele ya Precious! Nikasema JKT tuliijua dawa ya ugonjwa huu. Precious akauliza ni dawa gani. Nikasema ataona.

Ijumaa, 18 Oktoba

Dawa ni mafuta ya mgando. Nilizikumbuka bunduki za ghalani, zimepakwa grisi nene zinang'aa. Apolonia alileta ufunguo, akakaa mbele yangu nikipaka, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia Mama Precious, nyumba hii imekuzwa na mafuta haya. Midomo, visigino, bawaba za milango. Yameshindwa lini?

Jumamosi, 19 Oktoba

Risasi thelathini bila kukwama! Nilipiga vigelegele, nikaambiwa haviruhusiwi pale. Humphrey alikuja kunipa mkono.

Kocha tu ndiye alikunja uso. Alipitisha kidole, akasema grisi ya ghalani ni ya kuhifadhi silaha, hufutwa kabla ya kupiga. Baruti ya risasi hizi ina masizi mengi, yatanasa humo. Akamwambia Precious aifute yote, atie tone moja la mafuta mepesi. Precious akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukataa. Akanitii.

Jumamosi, 26 Oktoba. Houston

Naandika kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Precious yuko ndani ya gari, sitaki kuingia bado.

Jana kabla ya kuondoka nilimalizia kopo zima la mafuta ya mgando. Kwa usalama.

Raundi ya kwanza alikuwa mbele ya wote. Naapa. Mbele ya Chepngetich kwa pointi nne. Sijawahi kumwona mtu ametulia vile. Raundi ya pili, risasi ya tatu, ikakwama. Akainua mkono. Mwamuzi akamruhusu kurudia, lakini kwa kanuni zao ni mara moja tu. Akarudia. Ikakwama tena. Sifuri. Raundi ya tatu haikufyatua hata moja. Alisimama kwenye mstari, wenzake wakipiga kulia na kushoto, yeye bastola iko mezani na mikono nyuma.

Mwamuzi akaifungua. Ndani mlikuwa na uji mweusi. Akaonyesha kidole chake, akauliza kwa sauti ni nani aliyepaka takataka hii kwenye silaha ya mashindano.

Nilikuwa nyuma ya kamba, hatua sita. Mdomo ninao.

Precious akasema ni yeye.

Nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado sikufungua mdomo. Mwamuzi akamsomea mtoto wangu somo la utunzaji wa silaha mbele ya ukumbi mzima. Akaitikia kila sentensi, yes sir, yes sir. Nafasi ameipata Chepngetich. Huyo ndiye aliyelia.

Jumapili, 27 Oktoba

Namalizia ya jana. Njiani Precious aliniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote, kama kweli nilikuwa bingwa. Nikasema bila shaka. Nikamsimulia yote upya, nikaongeza upepo na meja aliyenipigia saluti. Akaniacha nimalize.

Kisha akasema, “Baba, Anko Patroba alikula ugali wako. Aliniambia siku ile ile kanisani. Nilikuwa nakungoja wewe useme.”

Nikawasha redio hadi mji wa Corsicana, alipotaka tusimame aende chooni.

Jumatano, 30 Oktoba

Apolonia ameirudisha bastola kwenye sanduku na hasemi ufunguo uko wapi. Amesema kocha atampa Precious bastola nyeusi ya klabu, imepatikana moja. Kuanzia wiki hii Humphrey atampitia Jumamosi na kumrudisha. Precious ndiye aliyepanga hivyo. Alikuja mwenyewe sebuleni, akaniambia kwa adabu kwamba nisijisumbue kwenda uwanjani tena.

Niliumia. Sikulala vizuri. Lakini nimelichambua jambo hili kwa kina na nimeona kosa lilipokuwa. Mafuta yale yalikuwa ya watoto, yana manukato.

Halafu Jumamosi yangu sasa iko wazi. Kuna bwana mmoja huko Grand Prairie anauza bastola ya Kiitalia, mtutu mrefu kuliko wa Humphrey, mpini una nakshi ya simba. Ana magazini mbili. Nimempigia simu, nikamweleza kwamba miaka ile jeshini nilitumia ya namna hiyo hiyo. Amefurahi sana kumpata mtu anayezijua.