Ombi la Kumwandikisha Mama Yangu Kama Mmea

Zadok Owiti,
Kijiji cha Mwabulenga,
Mwanza.
17 Agosti, 1998.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kulinda Ardhi Oevu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO NA OMBI KAMA KICHWA KINAVYOJIELEZA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kamati yote. Sisi huku hatujambo kwa kadiri tulivyoruhusiwa. Mimi ni yule mfanyakazi niliyepunguzwa kazi kiwandani Nyakato mwaka 1994, nikarudi kulima kwa baba, karibu na maji. Sikujua kwamba nimerudi kuishi ndani ya sheria ndogo. Nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Sheria inasema mmea wowote ulio ndani ya hatua mia moja kutoka majini usikatwe, usipunguzwe matawi wala kung'olewa bila kibali. Sawa. Lakini haisemi hatua za nani. Mlimtuma Bwana Chenge, mtu ambaye miguu yake peke yake ina urefu wa mke wangu. Tena mlimtuma mwezi wa tano, mvua za Elinino zimelileta ziwa hadi kwenye mihogo yetu. Akaanzia hapo kwenye mihogo, akarusha miguu kama anayeruka mitaro, na hatua ya mia ikaishia nyuma ya choo chetu. Akapigilia kigingi chekundu na vingine pembeni yake, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Tulilala wakulima tukaamka bwawa. Mpaka leo hatujaletewa maelezo kama tunatakiwa pia kulia kama vyura.

2. Nyuma ya nyumba ya mama yangu mzazi, Mama Adoyo, kuna mkuyu. Maji yamelegeza mizizi yake, umeinama, na tawi moja nene kama pipa limekaa juu kabisa ya paa la mama. Upepo wa ziwa ukivuma linakwaruza nyasi za paa. Mama ana miaka themanini na magoti hayamtii. Nimeomba kibali cha kulikata tawi hilo mara nne, nakala tatu kila mara. Nimejibiwa kwamba tawi bichi halikatwi. Likatwe likifa, tena baada ya kuthibitishwa kwamba limekufa. Ndugu Mwenyekiti, nachelea kwamba atakayeandikiwa cheti cha kifo kwanza si tawi.

Karani wenu mmoja alinishauri nimhamishie mama nyumbani kwangu. Huyo kijana hakulelewa na Wajaluo. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe inyeshe. Ana nyumba yake, ndiyo hiyo iliyo chini ya tawi. Kumjengea nyingine ni lazima nikate miti na kufyeka majani, na hapo narudi kwenu na nakala tatu.

3. Neno "mmea wowote" limenikosesha amani kabisa. Tangu mvua zile, paa la mama limeota majani, na Bwana Chenge aliyatazama akaandika kitu daftarini. Matembele naogopa kuchuma. Mbuzi wangu dume alikula ua wa minyaa upande wa ndani wa kigingi, bila kibali, mchana kweupe, nami nikiwa shahidi. Nimemfunga kamba na yuko tayari kufika mbele ya kamati siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Mimi mwenyewe naishi ndani ya hatua mia, na ndevu zinaota. Sijanyoa tangu mwezi wa tano. Katekista ameuliza kama nimeweka nadhiri. Mke wangu, Wilhelmina, alikuja na wembe, nikamwambia aniletee kwanza barua ya kata. Sasa haongei nami, na hasara hiyo naiweka pia mikononi mwenu.

4. Magugu maji yamefunika mahali tunapochotea maji. Redio inatuhimiza kila siku tuyang'oe, ni adui wa ziwa. Kigingi kinasema ni mmea, tuyaache. Ili nisiikosee Serikali upande wowote, nayang'oa wakati wa taarifa ya habari na kuyarudisha majini matangazo ya vifo yakianza. Ni kazi ngumu, hasa betri zikiwa zimekwisha.

5. Baada ya kufikiri sana, nimeona njia moja tu isiyovunja sheria yenu. Mama yangu yuko ndani ya hatua mia. Yuko hapa tangu 1951, alipoletwa na marehemu baba kutoka Shirati, na hajang'oka. Naomba aandikishwe kama mmea. Akishakuwa mmea, itakuwa marufuku kwa mtu, mnyama au tawi kumdhuru, na likimwangukia, kamati italishtaki. Nasema hivi si kwa mzaha. Kila upepo ukivuma nasimama mlangoni kwangu nikisikiliza kama ameita, na nimechoka kuogopa.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mpiga chapa wenu, mlinzi wa getini aliyenikalisha kivulini mara zote nne, na Bwana Chenge na miguu yake. Mama naye anawasalimu, anasema marahaba hata kabla hamjamwamkia.

Wako ndani ya vigingi,

Zadok Owiti.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, jirani yetu Dorotea, muuza dagaa wa Kirumba, ameingia analia. Kuna watu wa kiwanda cha minofu ya samaki wamepewa eneo, kuanzia barabarani hadi kwenye vigingi vyenu. Nyumba zote kumi na moja zilizo nje ya vigingi zimeletewa karatasi yenye muhuri: wahame kabla ya Krismasi. Ya kwetu imeachwa, kwa kuwa ni ardhi oevu na hairuhusiwi kuguswa. Dorotea ameniuliza maombi ya kuingizwa ndani ya vigingi yanaandikwa kwa nani, na yanahitaji nakala ngapi.

Kwa hiyo malalamiko yangu nayafuta yote, namba moja hadi tano. Yasisomwe. Naomba tu kigingi kimoja zaidi, kwa Dorotea, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kama rangi nyekundu imekwisha nitainunua mimi.

Kuhusu tawi, nilikwenda kumuuliza mama kabla ya kuandika haya, maana roho ni yake. Alikuwa amesikia yote ya Dorotea kutoka mlangoni kwake. Akasema, "Liache, Zadok. Hilo tawi nalijua. Hao watu siwajui."