Kisanduku cha Wachuka na Masikio Yangu Mazima

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Ng'ombe ametoa maziwa kidogo, mimi nimetoa kikohozi kingi.

Dereva wa basi la Kerugoya ameniletea kifurushi. Kimetoka kwa binti yangu Wachuka, ambaye ni nesi huko. Miaka mitatu hatujasemezana. Siku tulipomzika mama yake, Kagure wangu, Wachuka alisimama mbele ya watu wote akasema ati siku ile mama alipoanguka shambani aliniita, akaita na kuita, na mimi nilikuwa hapo karibu napasua kuni na sikusikia. Ati masikio yangu yamekufa na ninakataa kutibiwa. Nikamwambia asikanyage tena kwangu mpaka siku nitakayomfungulia geti kwa mkono wangu mwenyewe. Barua zake mbili nilizirudisha bila kufungua.

Masikio yangu ni mazima. Watu ndio wamebadilika. Tangu tupate uhuru, watu wa Mukurweini wamezoea kunong'ona.

Ndani ya kifurushi: kisanduku cha chuma, ukubwa wa Biblia mbili, kinaitwa amplifaya. Hedfoni kubwa nyeusi kama za rubani wa ndege. Kaseti moja imeandikwa BABA. Na karatasi. Nimeisoma mara nne, mwandiko wake ni wa haraka. Anasema: Baba, barua ulizirudisha, sasa nakutumia sauti yangu. Kisanduku kinaongeza sauti masikioni. Sikiliza kabla ya Jumamosi.

Sina haja ya kumsikiliza. Lakini mashine haina kosa. Nitaijaribu mashine.

Jumanne, 3 Agosti

Kazi ya waya si ya kunishinda. Vita vya Burma nilikuwa mtu wa simu. Ni kweli koplo ndiye aliyevaa hedfoni na mimi nikabeba waya mgongoni, lakini bila waya hedfoni ni kofia tu. Hata bomu lilipoanguka upande wangu wa kushoto nilibaki nimesimama. Halikunifanya kitu. Ni mlio kidogo tu, ambao umebaki mpaka leo.

Nimetoa redio kaseti yangu kabatini. Panya walitoboa spika yake mwaka juzi, lakini tundu la kuchomeka waya ni zima. Nimetoa na betri ya gari. Hapa kwetu stima haijafika, betri ndiyo stima.

Kisanduku kiko na waya mbili za kwenda kwa betri, nyekundu na nyeusi. Betri nayo iko na alama ya msalaba upande mmoja. Nikafikiri kama mtu mzima. Msalaba ni Ijumaa Kuu. Ijumaa Kuu ni maombolezo. Maombolezo ni nyeusi. Nikafunga nyeusi kwenye msalaba.

Kisanduku kikasema tak. Kikatoa harufu.

Jirani yangu Kingori akachungulia juu ya ua. Huyu ni wakini wangu, tulitahiriwa mwaka mmoja, na tangu siku hiyo anajiona alilia kidogo kuliko mimi. Akauliza kama nimeanza kupika viatu. Nikamwambia najaribu mtambo. Akasema mtambo unanuka mpaka kwa mbuzi wake. Kingori ndiye mtu pekee hapa anayesema kwa sauti ya kutosha. Simpendi.

Kesho Nyeri.

Jumatano, 4 Agosti

Nimemfikia Abdulkadir, fundi wa redio karibu na msikiti. Kijana wa adabu lakini ana maswali mengi. Akafungua kisanduku, akatoa kitu kama kipande cha kioo chenye uzi ndani, akasema fyuzi imekufa ikiokoa wengine. Akauliza nani alifunga waya. Nikamwambia ni mtu wa Kerugoya.

Akatia fyuzi nyingine, akaunganisha na kinanda chake kikubwa cha kaseti, akanivisha hedfoni. Mwanamke akaimba taarabu sikio la kulia, safi kabisa. Akauliza, na huku kushoto, baba? Nikasema kushoto pia safi. Akashika kitu nyuma ya kinanda, akauliza, na sasa? Nikasema anaimba vizuri sana, anaonekana ni mtu wa Lamu.  Akasema, mzee wangu, kanda nimeisimamisha.

Nikamwambia nilikuwa nasikiliza ile iliyobaki.

Halafu akaanza mambo ya kunifundisha. Ati kisanduku hiki hakinasi sauti za nje, kinaongeza za kanda tu. Ati waya wangu wa kichwa kimoja utalisha sikio moja tu. Ati nichukue wake wa vichwa viwili, atanipa bure, kwa heshima ya mvi. Nikakataa. Mtu aliyevuta waya Burma nzima hapewi waya. Akasema basi, baba, ukikosa sauti ugeuze hedfoni, ya kushoto iende kulia. Nikamwambia mimi sigeuzwi.

Aliomba pia kuijaribu kaseti ya BABA. Nikaishika kwa mikono miwili. Hayo ni mambo ya nyumbani.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nyekundu kwenye msalaba. Taa ndogo ikawaka. Nilijua tangu mwanzo.

Kisanduku kina matundu mawili ya kupokea sauti, jeupe na jekundu. Waya wangu ni mmoja. Nikachagua jeupe, kwa kuwa jeupe ni safi. Nikavaa hedfoni sawasawa, kushoto kushoto, kulia kulia. Nikatia kaseti. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikaongeza sauti mpaka kifundo kikagoma. Kanda inazunguka, naiona. Kimya. Nikagonga kisanduku kwa kiganja, kisha kwa kiatu. Nikageuza kaseti upande wa pili. Kimya pia. Nilikaa hivyo karibu saa nzima na masikio yakipata joto, natazama kiti cha Kagure. Hicho kiti bado kiko na kitambaa chake. Hakuna mtu hukikalia, hata mimi.

Sasa nimeelewa. Wachuka amenitumia kaseti tupu. Amepakia mashine kwa basi, amenifanya niende Nyeri na kurudi, ili nikae na kusikiliza hakuna. Ni kunionyesha. Ati hivi ndivyo unavyosikia, Baba.

Vizuri. Kama yeye hana maneno, mimi ninayo. Nimeirudisha kaseti upande wa kwanza, kanda nimeirudisha mwanzo, nimebonyeza kitufe chekundu cha kunasa sauti, nikasema juu ya hiyo kaseti yake tupu. Nimemwambia masikio yangu ni mazima. Nimemwambia napika mwenyewe, uji hauungui, nyumba haina upweke wowote. Nimemwambia ng'ombe anaendelea vizuri, na mibuni, na kuku mmoja mmoja kwa jina. Nimemwambia habari ya Burma kidogo. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kuzungumza na mtu jioni. Nilipoangalia, kanda ilikuwa imekwenda mbali.

Ijumaa, 6 Agosti

Mambo yameharibika.

Kingori alikuja kuazima panga. Nikaona vizuri asikie jinsi mwanamume anavyojibu. Nikamvisha hedfoni, nikamwekea kaseti.

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, Hezekiah, hapa unahubiri au unauza ng'ombe? Nikamwambia asikilize mpaka mwisho. Akasikiliza. Akafika kwa kuku, akacheka. Akafika Burma, akasema ati idadi ya Wajapani imeongezeka tangu Krismasi. Halafu akazibana hedfoni kwa mikono miwili. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Akaniambia polepole, kwa ile sauti yake kubwa: wakini, kuna mwanamke humu. Ni Wachuka.

Nilimnyang'anya hedfoni. Nikazivaa haraka hata sikuangalia, waya ukaangukia bega la kulia badala ya la kushoto. Na hapo, sikio la kulia, mtoto wangu akanena. Karibu sana. Nilisikia hata pumzi. Alisema: kuanzia saa nne mpaka saa sita, Baba. Sitaingia, kwa sababu ulinikataza. Nitasimama tu. Ukitokea, nitajua. Usipotokea, sitakusumbua tena.

Halafu kanda ikaisha.

Kwa hivyo haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa. Nimerudisha nyuma kutafuta alisema ni wapi, na kila mahali ni mimi. Upande wa pili hauna kitu. Mimi na kuku. Sikujua naweza kusema maneno mengi hivyo. Kingori akauliza kwa nini leo nasikia na jana sikusikia. Nikamwambia mashine ilikuwa baridi.

Sasa ni wapi? Sauti yake imekaa kichwani, nikaifanyia hesabu za kijeshi. Sitaingia, ulinikataza. Nilimkataza kuingia wapi? Nikakumbuka. Duka la viatu la Nyeri! Akiwa na miaka minane alijaribu kila kiatu mle ndani kwa miguu ya matope, nikamwambia asiingie tena. Ndipo atakaposimama. Mtu mwingine asingeligundua.

Kingori akasema, Hezekiah, wewe, si anasema hapa kwako? Si ni hapa getini ulimfukuza? Nikamwambia yeye wakati wa vita alikuwa anapika. Mambo ya ujumbe aniachie.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeandika kwa shida, vidole ni baridi.

Nilitoka alfajiri. Koti la jeshi, medali, ndevu nimenyoa. Geti nimelitia kufuli, kwa sababu ya wezi. Saa tatu nilikuwa mbele ya duka la viatu.

Saa nne. Hakuna. Manyunyu. Saa tano, wasichana wengi wenye koti la kijani kama lake, na kila mmoja alikuwa ni mwingine. Nikajiwekea maneno tayari. Nilikuwa nitasema, umekonda. Halafu yeye angesema kitu, na mimi ningemweka upande wangu wa kulia. Si kwa sababu yoyote. Ni upande mzuri.

Saa sita kasorobo Abdulkadir akapita akitoka dukani kwake, akaniona nimelowa. Akaniletea chai, akasimama kulia kwangu bila kuambiwa. Nikamweleza kidogo tu. Akauliza, baba, mtoto aliyefukuzwa nyumbani atakungoja kwenye duka la viatu? Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi.

Saa sita ikapita. Saa saba nikarudi.

Nje ya geti langu, kwenye matope, kuna nyayo. Za viatu vidogo vya nesi. Zinakwenda mpaka kona ya ua na kurudi, zinakwenda na kurudi, mpaka pamekuwa kama njia. Na kwenye kufuli limefungwa furushi la majani ya ndizi. Ndani ni nduma zilizopikwa. Za katikati zilikuwa bado na joto kidogo.

Nimezila hapo hapo nimesimama. Zimepikwa kama alivyokuwa akipika mama yake, na chumvi pungufu.

Nyumba ina upweke. Nayaandika haya hapa kwa sababu kaseti imejaa.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya kanisa Kingori alinifuata mpaka nyumbani. Sauti imemkauka kabisa. Jana, alipomwona Wachuka getini, alipanda juu ya kilima akaniita kwa nguvu zake zote, saa mbili nzima, akidhani labda nimesharudi na niko kwa kinyozi. Leo hana sauti hata ya kufukuza kuku. Ndiyo matokeo ya kelele.

Alikaa kushoto kwangu kwenye benchi akaanza kunieleza kwa pumzi tupu. Mwanzo niliupata, kwa sababu alikuwa bado amesimama mbele yangu na alitumia mikono. Ati alimwambia Wachuka kwamba sikukataa, kwamba nimekwenda Nyeri gizani na medali kumtafuta. Ati Wachuka alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Ati atakuja tena. Na hapo Kingori ndipo alipokaa, na akataja siku.

Aliitaja siku vizuri. Niliona midomo. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kitu, nikaitikia tena. Akanipiga bega, akaenda zake amefurahi.

Singeweza kumwuliza mara ya pili. Mtu mwenye masikio mazima haulizi mara ya pili.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nimepanga. Kufuli nimelitoa, nimelitupa kwenye debe la misumari. Nimebeba kiti cha Kagure mpaka getini, kitambaa na yote, ili kikae karibu na changu. Kesho nitaketi hapo kuanzia saa nne mpaka saa sita. Kesho kutwa pia, na siku zinazofuata, mpaka hiyo siku ipatikane. Kingori akiuliza, nalinda geti.

Na ili nimsikie akiwa bado mbali kule barabarani, nitatoka na betri na kisanduku, nivae hedfoni sawasawa, kushoto kushoto, kulia kulia, nifungue sauti mpaka mwisho. Nyekundu kwenye msalaba. Waya kwenye tundu jeupe.