Karatasi ya Kukatia Kola

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Bosi ametangaza: Ijumaa atamteua msimamizi wa karakana yetu ya kushonea sare za shule. Hadi siku hiyo, nikaimu mimi. Miaka ishirini na sita ya cherehani! Nimemwambia mke wangu kuwa cheo kimekwisha kuwa changu. Nimetangulia kidogo tu. Papo hapo akampigia simu mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Nimeongoza tangu saa moja asubuhi. Nilitembea kati ya cherehani, mikono nyuma. Hakuna aliyehitaji kuongozwa. Bi Vifungo, binti ambaye kazi yake ni kushona vifungo tu, aliniuliza kama nimeangusha kitu sakafuni, mzee wangu, anisaidie kukitafuta. Walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Nikatambua: kiongozi huonekana penye tatizo. Sisi hatuna tatizo. Balaa!

Jumatano, tarehe 5 Juni
Tatizo nimelitengeneza. Karatasi ya kukatia kola, kielelezo pekee tulicho nacho, imo ndani ya shati langu, kifuani. Kesho watababaika, nami nitawatuliza. Ijumaa, mbele ya bosi, nitaipata kabatini. Shida moja: nikivuta pumzi, inalia. Nimepumua kwa adabu siku nzima. Mpiga pasi amenisihi niende hospitali.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Walibabaika dakika nne. Nilipopanda juu ya benchi niwatulize, Bi Vifungo alikuwa amekwisha kufumua kola ya sare ya zamani, ameinyoosha kwa pasi, anaichora kwenye boksi. Kisha akagawa kazi: wewe kata, wewe shona, shangazi shika pasi. Akanigeukia. Mzee wangu, shuka basi, unishikie chaki. Nikaishika! Hadi saa kumi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Bosi alifika mapema. Hofu ikanishika, kabati nikalisahau. Nikapaza sauti kuwa nimeipata, nikafungua shati mbele ya watu wote, nikaichomoa ikiwa imelowa jasho. Bosi akauliza ilikuwa wapi. Bi Vifungo ndiye msimamizi. Cherehani yangu imesogezwa karibu na meza yake, aniangalie vizuri.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Mama mkwe amewasili. Nilikusudia kukiri. Wallahi, nilifungua kinywa. Akaniwahi: tangu siku ya posa aliona kuwa mwanawe anaolewa na kiongozi, na Jumatatu lazima afike kazini awaone watu wangu. Nikasikia sauti yangu ikimwambia karibu sana, mama.
Nikajifungia chooni kufikiri. Sikukata tamaa. Wiki hii imenikomaza: kiongozi hujipanga mapema. Kiatu kimoja cha mama mkwe nimekwisha kukificha. Alikuja na jozi moja tu, nimehakikisha.