Nyapara Hana Mstari

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima. Na mamangu akiwa kiti cha mbele!

Nilikuwa Subukia, kwenye chama cha wakulima wa kahawa, kuwaonyesha programu yangu ya kukagua picha za kahawa iliyochumwa: mbivu huku, mbichi kule. Ikikubali, kazi ni yangu. Ikikataa, narudi Kaptembwo kutafuta vibarua. (Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba nimeajiriwa.)

Nikaanza kwa madoido. "Ndani kuna nyuzi nne, kama wafanyakazi wanne. Kila mmoja ana picha zake. Akimaliza fungu moja, anangoja wenzake kwenye kizuizi. Wote wakifika, kizuizi kinafunguka, wanaenda fungu la pili, halafu kinawafungia tena."

Nikabonyeza. Skrini ikaandika: Inangoja.

Ikangoja. Tukangoja. Mwenyekiti akapiga miayo. Nikasingizia mtandao (programu yenyewe haitumii mtandao). Nikazima, nikawasha. Inangoja! Jasho likanitoka.

Mama Njeri, kiongozi wa wachumaji, akainua mkono. "Kijana, hao watu wako si ni kama sisi? Tukifika mwisho wa mstari tunangojana, ndio mtu asikimbilie miti imezaa vizuri. Tukishafika wote, tunaingia mistari ingine."

"Ndio, mathe. Hivyo hivyo."

"Na hiyo kitu yako inangoja watu wangapi?"

"Watano."

"Si umesema ni wanne?"

"Wa tano ni ile sehemu kuu, inayowagawia kazi." (Nilimwongeza asubuhi hii, nikijiona mjanja.)

"Huyo ni nyapara. Yeye anachuma?"

"Hapana."

"Sasa atafika mwisho wa mstari aje, na hana mstari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mamangu akajifunika uso kwa leso.

Nikafuta tano, nikaandika nne. Kizuizi kikafunguka. Kikajifunga. Kikafunguka tena, fungu baada ya fungu, wale wanne wakingojana bila hata mmoja kuachwa nyuma. Kicheko kikaisha, watu wakabaki wameikodolea macho skrini. Mwili ulinisisimka, nawaambia. Miaka minne chuoni, kumbe akina mama wa Subukia wanafanya jambo hili kila msimu bila kompyuta! Nilimtazama Mama Njeri. Yeye alikuwa akitafuta mwavuli wake.

Kazi nimepata. Ila Mama Njeri ametoa sharti moja: kesho asubuhi na mapema niwe shambani, kikapu kiunoni.

Msinicheke, tafadhali. Nimepewa mstari.