Kabati Dhidi ya Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amekuja nyumbani. Moyo umechoka, anasema. Wiki chache, labda mwezi. Nimemshukuru. Mtu akipewa tarehe ya mwisho hufanya kazi. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, najua.

Kazi yenyewe: kumuungamia shemeji. Kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia, mpinzani wangu tangu shule yetu ilipotaka kununua kompyuta za kwanza za wanafunzi. Yeye alitetea Kioo: mashine nzuri, imezibwa pande zote, kila cha ndani kimetengenezwa na kampuni moja. Mimi nilitetea Kabati: bati tupu, nusu ya bei, bisibisi moja na unalibadilisha utakavyo. Tukazishindanisha mbele ya walimu wote. Kabati likaenda sawa na Kioo. Kwa nusu ya bei! Nikapewa mimi funguo za chumba cha kompyuta. Shemeji, aliyekitamani chumba kile kuliko ukuu wa shule, akarudi kwenye ramani zake.

Asubuhi ile nilikuwa nimechomoa kibao cha kumbukumbu, kile kinachoipa kompyuta kasi, kwenye mashine ya karani wa ofisi, nikakichomeka ndani ya Kabati. Hakuna aliyejua.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja kuninyoa, kama kawaida tangu mikono yangu ianze kutetemeka. Ana mkono mwepesi, Mungu ambariki. Nikafungua kinywa niungame. Akatupia jicho Kabati langu mezani, akauliza kama bado linaganda. Eti kilichobaki cha asili ni bati na vumbi. Nikamwambia yeye keshanunua Kioo mara tatu, mimi Kabati mara moja tu. Na vipuri mara ngapi? akauliza.

Kuungama kumeahirishwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia. Marudiano! Nitashindwa makusudi, atafurahi, nitaungama akiwa bado anacheka. Mke wangu kanishikia tochi nikachomoa kibao kimoja kati ya viwili vya Kabati. Kauliza kwa nini nalikata miguu. Nikasema natoa vumbi tu. Akasema, "Mzee, hukuoa mjinga," akanifuta jasho. Nimeoa vizuri mno.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji kaja na Kioo kimeviringishwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Mke wangu kashika saa. Kazi: kuwasha, kufungua orodha ya wanafunzi elfu moja, kuchora grafu ya alama zao.

Kabati limeshinda kwa sekunde nne!

Kumbe kibao nilichochomoa ndicho kibovu, ndicho kilicholigandisha mwaka mzima. Nilipaswa kusikitika. Nilipiga makofi mpaka nikapaliwa. Shemeji kaniinua, kanisugua mgongo, kaninywesha maji kwa kijiko. Anashukuru, alisema, kuona damu imerudi usoni mwangu. Aibu niliyoiona!

Ijumaa, 8 Machi

Leo tena kunyoa. Shavu la kulia lilipokwisha, nikamwaga yote. Kibao, karani, funguo. Wembe ukasimama. Akauliza jambo moja tu: yule karani, aliyekaripiwa muhula mzima kwa uzembe kumbe mashine yake haina kumbukumbu, aliwahi kujua? Nikasema hapana. Akaosha wembe, akavaa viatu, akatoka bila kuaga.

Mke wangu kanikuta na ndevu upande mmoja. Sikumruhusu amalizie.

Jumapili, 10 Machi

Karudi! Hakusalimia. Kapaka povu, kamaliza shavu la kushoto. Kisha akasema siku mbili hizi amekuwa akibishana nami peke yake jikoni, na hata huko namshinda. Akasema, "Shemeji, ukiondoka nitagombana na nani mimi?" Tukalia, vizee viwili, povu hadi masikioni.

Amenisamehe. Sharti: niandike ukweli, usomwe mazikoni mbele ya walimu wenzetu, na karani akae mstari wa mbele. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ni wangapi hupata msamaha wakiwa bado na masikio ya kuusikia?

Jumatatu, 11 Machi

Barua iko tayari. Ukurasa wa kwanza: nilidanganya, chumba kilikuwa haki ya shemeji, namwomba radhi yeye, namwomba radhi karani. Kila neno ni la kweli. Nimelia nikiandika.

Ukurasa wa pili hadi wa sita ni ulinganisho mpya, wa haki kabisa, pamoja na majedwali. Kasi: Kabati, kwa sekunde nne, shahidi mke wangu. Vipuri: Kabati, Kioo hakikufika hata uwanjani. Bei: mwandishi bado anafanya hesabu, kwa bahati mbaya amefariki.

Nimefunga bahasha kwa gundi. Nimemwomba shemeji asome yeye mwenyewe, ana sauti nzuri. Ameapa kuisoma yote, mpaka nukta ya mwisho, bila kuruka neno. Namshukuru sana. Atakapofika kwenye majedwali, mimi nitakuwa pale pale mbele yake, nimenyooka, mtulivu, sibishani na mtu.